Kiatu cha ngozi cha kushonwa kwa mkono: usikihukumu kwa nje, kimeshikwa na kitu usichokiona

Fundi wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi wa mitumba kuna mdau aliuliza kwa nini kiatu chake cha laki mbili kimeachia soli kabla masika hayajaisha hapa Mtwara, wakati kiatu cha marehemu babu yake bado kinavalika. Wengi walimjibu kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara. Hilo si jibu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne nashona viatu, na nimeona nilete jibu lenyewe. Litakuwa refu, mnivumilie.

Swali la kujiuliza ni moja: soli imeshikwa na nini?

Kiatu kingi cha siku hizi kimeshikwa na gundi peke yake. Ngozi ya juu inavutwa kwenye kalibu, yaani umbo la mguu la kuundia kiatu (kijiweni wengi tunaita lasti), inakunjwa kwa chini, inapakwa gundi, soli inabandikwa, kiatu kinaenda dukani. Sasa kilete hapa kwetu. Jua la mchana, hewa ya chumvi, na unyevu wa kuanzia Desemba mpaka Aprili. Gundi inachoka. Na soli zile nyepesi kama povu, wanazoziita PU, zinaliwa na unyevu hata kama kiatu hukivai. Umekitunza kabatini kwa ajili ya harusi ya mdogo wako, siku ya siku unakivaa, ukifika ukumbini soli imemeguka makombo njia nzima. Hujarogwa. Maji yaliyomo hewani yamekuwa yakiikata ile plastiki kidogo kidogo miaka yote uliyokuwa unaitunza.

Kiatu cha mkono moyo wake ni soli ya ndani, ile unayoikanyaga kwa unyayo. Mteja haoni upande wake wa chini maisha yake yote. Inatakiwa iwe ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa magome, ya sehemu ya bega, unene milimita 5 hivi. Nailoweka, naipigilia kwenye kalibu kwa misumari mitatu, naizungushia mpira wa baiskeli, inalala hivyo usiku kucha. Asubuhi imeshika umbo la unyayo. Hapo nashika kisu. Kwa chini, kuzunguka ukingo, nakata mfereji upande wa ndani na ngazi upande wa nje, katikati linabaki tuta. Wakulima mmenielewa: ni tuta kama la viazi, ila kimo chake ni milimita 3 na limechongwa kwenye ngozi ile ile, halikubandikwa. Tuta hilo ndilo linalobeba kiatu kizima.

Baadaye ngozi ya juu na bitana zikishavutwa kwenye kalibu, naweka mkanda mwembamba wa ngozi kuzunguka ukingo, halafu nashona vyote pamoja: mkanda, ngozi ya juu, bitana na tuta. Msharasi wake, chuma cha kutobolea ngozi, umepinda kama kucha ya kuku. Unaingia kwenye mfereji, unapita katikati ya tuta, unatokea kwenye mkanda. Ukipita juu mno tuta linachanika. Ukipita chini mno ncha inatokeza pale unyayo unapokaa. Macho hayakusaidii, maana ncha iko ndani ya ngozi. Kinachosikia ni kidole gumba cha mkono wa kushoto, kimewekwa pale ncha inapotarajiwa kutokea, kinasubiri ngozi ivimbe kidogo.

Tobo moja linapitisha ncha mbili za uzi, moja kutoka kila upande, zinapishana humo ndani. Unazungusha uzi kwenye mpini wa msharasi, mkono wa pili umeuvalisha kipande cha ngozi usikatike, unavuta. Kuna mlio mfupi, *krrr*, nta inakwaruza kwenye tobo, halafu kimya. Ukisikia kimya mshono umekaa. Ni mmoja huo. Mwenzake anafuata milimita 7 au 8 mbele, na kiatu kimoja kinataka hamsini, sitini.

Lile bonde linalobaki katikati ya matuta unalijaza koki, ile ya vizibo vya chupa, au feliti, au hata chakavu za ngozi. Kiunoni mwa kiatu unalaza kipande cha chuma au mti mgumu kisipinde. Ndipo soli ya nje inapokuja, nayo inashonwa kwenye mkanda kwa mshono wa pili. Kwa hiyo soli ya nje haigusani kabisa na mshono wa ndani. Ikilika, unakata mshono wa nje, unaitoa, unaweka nyingine, ngozi ya juu haijui kilichotokea.

Nitaendelea kesho, umeme umeanza kuchezacheza.

Korosho Daraja la Kwanza

Nimeweka mkeka hapa hapa. Shusha vitu mkuu.

Binti Newala

Shikamoo fundi. Mimi nina swali la uzi wenyewe. Baba yangu mdogo anashona makubazi Lindi mjini na anatumia uzi wa nailoni wa nyavu. Anasema haukatiki milele. Kuna ubaya gani?

Fundi wa Mikindani

Marahaba Binti Newala. Swali zuri sana, na msalimie mzee.

Kwa makubazi ya kutembelea mjini sina ugomvi naye. Kwenye mshono wa ndani wa kiatu cha kufunika ndipo nailoni inaponipa mashaka. Kwanza inateleza, nta haiishiki. Pili inavutika, leo umekaza, baada ya mwezi imelegea. Tatu ni ngumu kuliko ngozi, kwa hiyo kila unapopiga hatua inasaga kingo za tobo. Uzi haukatiki kweli, ila ngozi inakatika. Na uzi nitabadilisha, tuta sina pa kulinunua.

Uzi wa jadi wa kazi hii ni kitani. Angalieni vizuri jamani, nimesema kitani, sijasema katani. Katani ni hii mikonge yetu ya Kikwetu kule Lindi, nyuzi zake ngumu, ukizikunja mara nyingi zinavunjika, ni za kamba na magunia. Kitani ni mmea mwingine, nyuzi zake ni laini na zinapolowa zinavimba na kuziba tobo. Mimi naagiza bobini kutoka nje, moja inanitosha miezi. Nakata pima moja na nusu kwa kiatu kimoja, nyuzi nane, tisa, na kila mmoja naumalizia kwa kuukwaruza mpaka uchongoke, ili zikikusanywa ncha iwe nyembamba kama mkia wa panya. Halafu nazisokota kwenye paja, napaka nta.

Na hiyo nta nayo ina habari yake. Ulaya mafundi walikuwa na nta ya kiangazi na nta ya baridi, mchanganyiko tofauti. Unayeyusha utomvu wa msindano na nta ya nyuki. Utomvu ndio unaoganda na kushika, nta inaulainisha. Wengine wanaongeza mafuta kidogo. Hapa kwetu mafuta niliyaacha mwaka wa kwanza tu, maana saa nane mchana uzi ulikuwa unakuwa kama ubani uliotafunwa. Nta ya nyuki napata ya Liwale, nzuri, ina harufu ya msitu. Utomvu unagemwa Sao Hill kule Mufindi. Niliwahi kujaribu sandarusi (utomvu mkavu wa miti) kwa sababu wazee walisema zamani ilijaa pwani hii. Ikavunjika kama kioo kwenye vidole. Ni ya vanishi ile.

Ustaadh Shangani

Assalaam alaykum. Fundi, mimi nina jambo linanisumbua muda mrefu. Nimesikia viatu hivi vya kifahari vinashonwa kwa nywele za nguruwe badala ya sindano. Na wengine wanasema hata bitana inakuwa ya nguruwe. Mtu wa ibada afanyeje?

Fundi wa Mikindani

Waalaykum salaam ustaadh. Ni kweli, sitakuficha.

Sindano ya chuma haifai kwenye tobo lililopinda, haikunjiki. Ndiyo maana Ulaya tangu zamani fundi anachukua unywele mgumu wa mgongoni mwa nguruwe pori, anaupasua nusu, anausokotea kwenye ncha ya uzi. Unapinda kufuata njia ya msharasi kisha unanyooka. Hasa ule mshono wa kidole mbele, wanaouinua kama mshipa juu ya kiatu. Pale ngozi ni milimita moja na nusu au pungufu, na uzi unatakiwa uingie juu, utembee ndani ya unene wa ngozi kama fuko, utokee juu tena bila kutoboa upande wa chini hata mara moja. Ukikigeuza kwa ndani huoni kitu. Kwangu mimi hakuna mshono mgumu kuliko huo.

Unywele lakini haubaki kwenye kiatu. Ukimaliza kushona unaukata unautupa. Hata hivyo wateja wangu wengi ni Waislamu na sikutaka mtu avae kitu huku moyo wake una neno. Nikaenda kwa wavuvi hapa ufukweni, nikachukua mshipi mnene wa kuvulia, nikaupasua ncha kwa wembe, nikaukwaruza kwa msasa ushike nta. Unafanya kazi ile ile. Nimegundua baadaye kwamba hata nchi za nje mafundi wengi siku hizi wanatumia hivyo hivyo. Kwangu hakuna unywele wa nguruwe, ustaadh, njoo uone meza.

Bitana ndiyo ya kuangalia. Viatu vingi vya mtumba vina bitana ya nguruwe kwa sababu ni rahisi na inapumua. Tazama kwa karibu kwenye mwanga: vinyweleo vya nguruwe vimekaa vitatu vitatu, kama alama za mafiga. Ng'ombe vyake ni vidogo vimetawanyika sawasawa, mbuzi vimejipanga mistari mistari. Ukiona mafiga, amua mwenyewe.

Ustaadh Shangani

Allah akulipe. Nimekwenda kuangalia viatu vyangu sasa hivi kwa tochi ya simu. Jozi mbili zina mafiga.

Mdau wa Masasi

Mkuu, mimi nauza mitumba na huwa tunaambiwa tafuta viatu vya Kiingereza vyenye "gudiya", hivyo ndivyo vya maana. Vile si ndivyo vya mkono?

Fundi wa Mikindani

Hapana kaka, na hapa ndipo watu wengi wanapopigwa bei.

Gudiya ni Charles Goodyear Mdogo, Mmarekani, mtoto wa yule Goodyear aliyegundua namna ya kukomaza mpira kwa joto. (Kampuni ya matairi ilipewa tu jina la baba, familia haikuwa na hisa yoyote.) Miaka ya 1870 mashine yake ndiyo ilifanya ule mshono wa mkanda uweze kufanyika kiwandani. Mashine haiwezi kutafuta tuta kwa kidole gumba kama mimi. Inahitaji ukuta ulionyooka, wa kimo kimoja. Kwa hiyo viwanda vingi vya sasa, badala ya kuchonga tuta ndani ya ngozi, vinabandika utepe wa turubai chini ya soli ya ndani, mashine inashona kwenye utepe huo.

Umeona hapo? Mshono ni mzuri, uzi ni mzuri, ila tuta limeshikwa na gundi. Tumerudi kule kule tulikoanzia.

Sisemi ni kiatu kibaya. Ni bora mara kumi kuliko cha kubandika, na kinabadilishwa soli vizuri. Lakini miezi miwili iliyopita nililetewa jozi mbili siku moja, zote za mtumba, zote za Uingereza, zote za kahawia, ukiziweka sokoni bei moja. Nikazifungua. Ya kwanza turubai lilikuwa limebanduka upande wa kidole gumba, nikalivuta kwa vidole viwili likatoka kama plasta. Ya pili tuta lilikuwa la ngozi, jeusi kwa jasho la mtu nisiyemjua, na mishono imesimama yote. Kwa juu unyayo wake umejichora wazi, vidole vitano na kisigino. Nilikaa nalo mkononi muda mrefu. Aliyeshona ile ni mtu wa mkono, mishono haikulingana: karibu na kiuno ameibana zaidi, mbele ameiachia. Mashine haina sababu ya kufanya hivyo.

Ukiwa sokoni bila kukifungua, ingiza vidole ndani mpaka mbele, bonyeza. Ukisikia soli ya ndani ni ngozi nene, imezama kwa unyayo wa mwenyewe na haina kikaratasi wala sponji, una matumaini. Ukiona mshono umepita ndani kabisa pale unapokanyaga, huo unaitwa mshono wa Blake, nao ni wa mashine, ya miaka ya 1850 mwishoni. Ni mwepesi na unapinda vizuri, ila kwenye maji ule uzi ni bomba, unapandisha maji mpaka kwenye soksi.

Mwalimu wa Historia

Hapo kwenye mashine naomba nichangie kidogo, maana kuna ndugu yetu amesahaulika. Kazi ya kuvuta ngozi kwenye kalibu ndiyo iliyowashinda wavumbuzi kwa muda mrefu. Wavutaji hodari wa mkono walimaliza kama jozi 50 kwa siku, na kiwanda kizima kiliwasubiri. Aliyetegua kitendawili ni Jan Ernst Matzeliger, kijana aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, mama mweusi, baba Mholanzi. Alihamia Lynn, Massachusetts, mji wa viwanda vya viatu, akajifunza Kiingereza usiku, na mwaka 1883 akapata hataza ya mashine yake. Ikavuta jozi 150 mpaka 700 kwa siku. Alifariki mwaka 1889 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 36.

Fundi wa Mikindani

Asante sana mwalimu. Jina hilo sikuwa nalijua, na koleo la kuvutia ninalo mkononi kila siku. Nitaliandika ukutani.

Nahodha wa Msimbati

Samahani wakuu, mimi nitasema tofauti. Haya yote ni ya matajiri. Huku kwetu mchanga, watu wanavaa kandambili na katambuga. Fundi akishona jozi moja siku kadhaa atauza shilingi ngapi, na nani atanunua? Ngozi yenyewe ya magome ataipata wapi Mtwara? Tusipeane moyo wa uongo.

Fundi wa Mikindani

Nahodha, hoja yako ina uzito na sitaikimbia.

Ngozi ndiyo maumivu yangu makubwa. Ngozi nyingi inayouzwa ni ya kromu, yaani imelainishwa kwa dawa ya madini, si kwa magome. Kata pembeni uone: katikati ina rangi ya buluu kijivu. Choma kipande: majivu yake yanakuwa kijani. Kwa ngozi ya juu kromu inafaa sana, ni laini na inastahimili maji. Kwa soli ya ndani haifai hata kidogo, ni kama sponji, tuta halisimami. Niliwahi kununua mzigo kwa muuzaji mmoja aliyeniapia ni ya magome. Ilikuwa kromu imepakwa rangi ya kahawia pande zote mbili. Mimi nilikuwa na haraka, sikukata kuangalia.

Jozi ya kwanza niliyoitengeneza kwa ngozi ile ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu. Na si kromu tu, nilikuwa pia nimeipunguza unene ili kiatu kionekane chembamba, kizuri. Baada ya miezi minne mzee akapanda basi mpaka kwangu, akakiweka mezani, soli imefunua mdomo. Hakufoka. Akaniuliza, "Fundi, humu ndani uliniwekea nini?" Nilikifungua mbele yake. Tuta lilikuwa limenyofoka lote, mishono inaning'inia na vipande vya ngozi kama samaki aliyetolewa ndoanoni. Nilimtengenezea jozi nyingine bila senti, na tangu siku ile kila ngozi inayoingia kwangu naikata na kuichoma kwanza, aliyeileta apende asipende.

Kuhusu magome, nchi hii si maskini hivyo. Njombe kuna miwati, na kiwanda cha kukamua dawa ya ngozi kutoka kwenye magome yake kimekuwepo tangu wakati wa mkoloni. Pwani yetu hii nayo ilikuwa inauza magome ya mikoko nje enzi za Wajerumani kwa kazi hiyo hiyo. Sisemi tukavune mikoko, ile ni hifadhi, na ngozi yake inatoka nyekundu na ngumu. Nasema tu kwamba maarifa hayajatoka mbali. Kalibu zangu amenichongea Mmakonde, fundi wa vinyago. Alitaka kutumia mpingo kwa heshima, nikamwomba mninga, kwa sababu kwenye mpingo msumari hauingii na uzito wake utanivunja mapaja. Mninga hauchezi na unyevu. Msharasi nimeufua mwenyewe kwa spoku ya baiskeli.

Wateja ni wachache, kweli. Jozi nauza laki tatu na nusu. Ila hesabu nayo uifanye yote: kubadilisha soli ni elfu arobaini, na anayenunua viatu vya elfu sitini kila masika, mwaka wa nane ametumia zaidi ya mteja wangu, hata aliyebadilisha soli mara tatu. Wengi wao wanakuja msimu wa korosho.

Nahodha wa Msimbati

Hesabu nimeielewa. Bado nasema mwenye laki tatu na nusu kwa mkupuo ni mmoja kati ya mia. Ila kwa kuchoma ngozi nimekukubali.

Binti Newala

Fundi, makubazi nayo yanaweza kushonwa hivi?

Fundi wa Mikindani

Ndiyo, na ni pazuri pa kuanzia. Hakuna kuvuta kwenye kalibu, ni kushona tabaka mbili za soli kwa ncha mbili za uzi. Mwambie baba mdogo ajaribu jozi moja: kila tobo lipitishe ncha zote mbili. Uzi wa upande mmoja ukisagika na mchanga, wa pili unabaki umeshika, mshono haufumuki wote kama wa cherehani. Atobolee kwa msharasi bapa, si wa mviringo, na aulaze mshazari, tobo litajifunga lenyewe juu ya uzi. Mishono ya milimita 4 inatosha.

Korosho Daraja la Kwanza

Yule mwalimu mstaafu je, jozi ya pili ilimfikisha wapi?

Fundi wa Mikindani

Ipo mezani kwangu hapa, mkuu. Imekuja wiki hii kubadilishwa soli mara ya tatu. Safari hii mkanda nao ulikuwa umechoka kwa matobo mengi, kwa hiyo ilibidi niufumue mpaka mshono wa ndani. Nilikuwa na wasiwasi, nakiri. Nikaondoa koki, nikafagia kwa brashi. Tuta limesimama kuzunguka kote, limekauka likawa gumu kama pembe, matundu yangu ya miaka ile yapo yote na hakuna lililochanika. Nimeyahesabu, hamsini na saba.

Nimepitisha mkanda mpya kwenye matundu yale yale. Nimebakiza kisigino na kupaka dawa. Amesema atapita Jumamosi, basi la asubuhi.